Fungu la Wifi

Baba yangu ni fundi mizani. Kwa miaka thelathini na minane alizunguka madukani, maghalani na kwenye mabucha na sanduku lake la mawe ya kupimia, akifungua mizani za watu, akizisafisha na kuzirudisha kwenye ukweli. Siku hizi hazunguki tena. Mizani ndizo zinazomfuata nyumbani, na kwa sababu hiyo sebule yetu haina kochi kubwa. Mahali pa kochi pana mizani ya magunia, ile ya kusimama, yenye nguzo ya chuma na uso wa kioo.

Katika kazi yake alikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha. Wenye maduka wana tabia ya kupima debe tupu mara moja, wakauandika uzito wake ubavuni kwa rangi, halafu wakautoa uzito uleule miaka nenda miaka rudi. "Debe linaliwa na kutu," alikuwa akiwaambia. "Linabonyea, linazibwa, linashika mafuta. Chombo kinapimwa kila mara, si mara moja." Wakimcheka, alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa akaifuta ile rangi mbele ya macho yao. Nikiwa mdogo nilikuwa naona haya kufuatana naye. Sasa nina miaka arobaini na moja, ni fundi cherehani, ndoa ilinishinda nikarudi kwa wazazi, na haya zangu nimezimaliza kwenye mambo mengine.

Paka alikuwa wa mama. Mama alimwita Wifi, kwa sababu kila alipopika, paka huyo alikaa kwenye kizingiti cha jiko akimtazama kwa jicho la kukagua, kama dada wa mume aliyekuja kuona kaka yake analishwa nini. Kwa hesabu hiyo kwangu alikuwa shangazi, na asubuhi nilimpa shikamoo yake. Hakuwahi kuitikia.

Mama alikufa baada ya kuugua mwaka mzima. Alikonda polepole, humu humu ndani, katikati ya fundi mizani na fundi cherehani, na hakuna kati yetu aliyeona kitu. Alikuwa mtu wa magauni mapana. Siku daktari wa hospitali alipompandisha kwenye mizani, alitugeukia akatuuliza tulikuwa wapi. Baba alilizungumzia jambo hilo mara moja tu, siku ya tatu ya msiba, akiwa anavua viatu. "Nimepima magunia ya watu maisha yangu yote," alisema, kisha akaviweka viatu chini ya kiti.

Katika maagizo ya mwisho ya mama, Wifi alikuwemo. Asiachwe kulala na njaa, alisema. Baba, ambaye hakuwahi kumlisha, akauliza anapewa kiasi gani kwa siku.

"Atakuambia mwenyewe," mama alisema.

Baba hakulipenda jibu hilo, lakini mgonjwa habishaniwi. Wiki moja baada ya mazishi alinikuta nakunja nguo akanitangazia kwamba paka huyu hatakonda mbele ya macho yake. Hakupandisha sauti. Nikajua kwamba akifa huyu paka, baba atajihesabu ameua watu wawili.

Akaenda kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye miwani na ofisi yenye harufu ya sabuni ya mbwa. Daktari alimuuliza paka ana kilo ngapi. Fundi mizani hajui. Nadhani aibu ile ilimkaa moyoni kuliko kitu kingine chochote alichoambiwa siku hiyo. Alirudi na karatasi: nyama au samaki wa kuchemshwa, asiye na chumvi wala miiba, gramu hamsini kwa kila kilo ya paka kwa siku, igawanywe asubuhi na jioni. Akipungua uzito, ongeza gramu ishirini. Akizidi, punguza. Chini kabisa daktari alikuwa ameandika: Mshike mbavu kila wiki.

"Mbavu si kipimo," baba alisema, akaikunja karatasi juu ya mstari huo.

Kumpima Wifi ilikuwa kazi. Akiwekwa kwenye sahani ya mizani ndogo, aliruka. Akifunikwa na kikapu, alikibeba kikapu akatembea nacho. Ndipo baba akafanya wanavyofanya watu wote wenye mtoto mkaidi: akapanda yeye kwenye mizani ya magunia peke yake, akasoma, kisha akapanda na paka kifuani. Yeye peke yake, na suruali yake ya kijivu na koti lake la bluu la kazi: sitini na nne kamili. Yeye na paka: sitini na nane nukta moja. Wifi, kwa hiyo, nne nukta moja. Gramu mia mbili na tano kwa siku. Alifurahi kama mtu aliyepata kitu kilichopotea.

Alichukua peni ya wino mzito akaandika kwenye nguzo ya mizani: MIMI 64.0. Hivyo, kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai, angehitaji kupanda mara moja tu, paka akiwa bado na usingizi. Na angevaa nguo zilezile, suruali ile na koti lile, ili nguo zisilete hitilafu. Nilikuwa nimesimama pale na kikombe mkononi. Sikuona tatizo lolote, wala yeye.

Kuhusu chakula alikuwa na msimamo. "Paka ni wangu, fungu lake litatoka kwenye fungu langu." Nikamwambia nyama ipo ya kutosha, mimi ndiye ninayepika, naweza kuongeza kipande. Akasema mama yako hakuongezewa kipande, alimkatia kwenye sahani yake. Hilo lilikuwa kweli. Basi kila asubuhi niliacha sufuria ya baba jikoni nikaenda kwenye chumba changu cha kushonea, mitaa miwili kutoka nyumbani, na mchana alijipakulia mwenyewe. Aliweka nyama yake kwenye mizani ndogo, akatoa fungu la Wifi, nusu ya sasa na nusu ya jioni, na kilichobaki akala. Jioni mimi nikirudi alikuwa hana njaa sana. Alikula mchana kwa kuchelewa, alisema. Sikuuliza saa ngapi.

Jumamosi ya pili Wifi alikuwa 4.0. Baba akaongeza gramu ishirini. Jumamosi ya tatu, 3.8. Akaongeza ishirini nyingine. Alikuwa na daftari, mistari ameipiga kwa rula, na namba zilikuwa zinashuka humo kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Mara mbili tu zilisimama palepale, na Jumamosi hizo mbili baba alipiga mluzi mpaka jioni. Halafu zikaendelea kushuka.

Wakati huohuo, paka alikuwa ananenepa. Sisemi kwa kubahatisha. Kazi yangu ni kuangalia miili ya watu na kujua kitambaa kitaishia wapi. Zamani Wifi aliruka kutoka sakafuni mpaka dirishani bila kujiuliza. Sasa alipanda kwanza kigoda, akapumzika, akapanda kiti, akapumzika, kisha akalitazama dirisha akashuka zake.

"Baba, huyu paka ananenepa," nilimwambia.

"Anavimba."

"Ana videvu viwili."

"Kuvimba si kunenepa, mama. Mtoto mwenye minyoo naye ana tumbo. Angalia namba." Akanifungulia daftari. "Tatu nukta moja. Wiki sita zilizopita alikuwa nne. Wewe unaona kwa macho, na macho ndiyo yaliyotuponza."

Akija mtu na hoja hiyo, utamjibu nini? Akamnunulia Wifi dawa ya minyoo, Wifi akaitema kwenye kiatu changu, na gramu zikaongezwa ishirini.

Katika mwezi wa pili aliniletea ile suruali ya kijivu. Ilikuwa inamtelemka, na hakutaka kuvaa nyingine Jumamosi. Niliiweka mezani, nikapima kiuno chake kwa futi, kiuno cha suruali nasema, nikakunja sentimita tatu, nikapiga mshono. Nilijiambia kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Wiki nne baadaye aliileta tena. Nikakunja sentimita mbili nyingine, nikalaumu sabuni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi, na pini mdomoni.

Jumamosi ya kumi na mbili nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha Wifi, bado na koti lake, daftari magotini. Chai ilikuwa haijaguswa.

"Mbili nukta mbili," alisema.

"Baba."

"Nampa gramu mia tatu themanini na tano kwa siku. Chakula cha paka wawili. Na bado anaisha." Alikuwa anaitazama namba, hanitazami mimi. "Namuua. Mama yako alinipa kitu kimoja tu nikitunze."

Kwa kawaida mtu akilia mimi huondoka nikatafute kazi ya mikono. Siku hiyo kazi ya mikono ilikuwa ipo. Nilichukua kapu langu la nguo, nikamwingiza Wifi ndani, nikalifunika kwa kipande cha shuka, tukaenda kwa daktari wa mifugo kwa miguu. Baba alisisitiza kulibeba yeye. Alisimama njiani mara mbili, akaegemea ukuta. Kapu ni zito, alisema. Nikamuuliza inakuwaje paka wa kilo mbili amshinde mtu aliyebeba mawe maisha yake yote. Akasema ni mpini, unakata vidole. Nikalichukua kapu. Lilikuwa zito kweli, na mpini haukuwa na kasoro.

Daktari alifunua shuka, akamtazama Wifi, Wifi akamtazama yeye.

"Shikamoo, mzee. Huyu ndiye anayekonda?"

"Marahaba. Ndiye."

"Huyu ana kitambi cha mwenyekiti." Alimtoa kwa mikono miwili, akapitisha vidole ubavuni mwake huku na huku, vikazama kwenye manyoya na mafuta. "Mbavu zake sizioni hata kwa ramani." Kisha akamweka kwenye meza ya chuma yenye mizani yake ndani. Wifi, kwa uvivu au kwa kujua, hakuruka safari hii. Namba zilizunguka kidogo zikatulia: 6.3.

Baba alizisoma mara mbili. "Mizani yako mbovu," alisema.

"Ilikaguliwa mwezi uliopita."

"Na nani?"

Daktari hakukasirika. Nafikiri alikuwa amekutana na wenye paka wa kila namna. Baba akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa mawe yake, yamefungwa kwenye kitambaa cha pamba, la kilo mbili na mawili ya kilo moja. Sikujua kwamba alitoka nayo nyumbani, na sasa nikaelewa kwa nini aliegemea kuta mbili njiani. Aliyapanga katikati ya meza. 4.0. Akayasogeza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akiinama kila mara kusoma kwa karibu. 4.0, 4.0, 4.0, 4.0. Chumba cha nyuma mbwa mmoja alikuwa akijikuna.

"Ni nzima," alisema hatimaye, akaanza kuyafunga mawe.

"Mzee wangu," daktari alisema, "nilikuandikia umshike mbavu."

"Uliandika."

"Basi tuanze upya. Gramu mia mbili kwa siku, hata akilia. Na atalia." Alimrudisha Wifi kapuni. Alipokuwa anatufungulia mlango, alimwangalia baba, si usoni bali shingoni, pale kola ya shati ilipoacha nafasi ya kuingia ngumi. Kisha akaniangalia mimi.

Tulipofika nyumbani baba alienda moja kwa moja kwenye mizani ya magunia. Aliweka pima maji juu ya sahani yake: povu katikati. Akafungua sanduku, akayarudisha humo mawe ya mfukoni, akapakia mawe ya kilo kumi moja baada ya jingine, akipumzika kati ya jiwe na jiwe, mpaka sitini. Mizani ikasoma sitini. Akashusha. Akaweka mawe sita ya kilo moja moja. Mizani ikasoma sita. Aliketi kwenye kigoda, mikono imelegea magotini.

"Mizani haina kosa," alisema, kama anamweleza mtu mwingine. "Ya daktari haina kosa. Paka ni kilo sita na gramu mia tatu. Kutoa sijakosea. Kimebaki..."

Hapo akainua macho, na mimi nikafuata anapotazama. Kwenye nguzo, kwa wino mzito, palikuwa na maandishi yake mwenyewe: MIMI 64.0.

Nakumbuka nilijiona nikikunja suruali ile ya kijivu, mara ya kwanza na ya pili. Yeye alipima paka, mimi nikapima suruali, na mtu mwenyewe alikuwa katikati yetu anaisha. Tulikuwa tumerudia kosa lilelile, kwenye chumba kilekile, kabla nguo za msiba hazijapauka. Niliogopa. Niliogopa vibaya sana, nikashika nguzo.

Baba alinyanyuka, akafunga vifungo vya koti lake, akapanda. Hakuna paka kifuani. Mshale ulitikisika ukatulia.

"Hamsini na tisa nukta tisa," nilisoma, kwa sababu yeye hakusoma.

Alitoa kichwani, kama alivyozoea. Niliiona midomo yake ikitembea. Sitini na nne, kutoa hamsini na tisa nukta tisa.

"Nne nukta moja," alisema. Akamgeukia Wifi, aliyekuwa ametoka kapuni mwenyewe na sasa anajilamba. "Nne nukta moja ni yeye. Siku ile ya kwanza. Nimepungua paka mzima."

Akashuka. Nilidhani ataketi, lakini alienda kwenye meza yake ya kazi, akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akarudi akaanza kuifuta nguzo. Wino ulikuwa umekauka, ukagoma. Akasugua. Mgongo wake ulikuwa unanyanyuka na kushuka chini ya lile koti la bluu, na koti lilikuwa linamfuata kwa kuchelewa.

Nilimsogelea kwa nyuma nikapitisha mikono ndani ya koti, juu ya shati, nikamshika mbavu. Sikuhitaji kutafuta. Nilizihesabu upande wa kulia, nikazihesabu upande wa kushoto, zote zilikuwepo, kila moja peke yake. Aliacha kusugua. Hakunisukuma, na baba yangu si mtu wa kushikwashikwa.

"Mbavu ni kipimo," nilimwambia.

"Naona."

Nikaenda jikoni nikapasha chakula chote kilichokuwemo kwenye sufuria. Nikapakua, nikaweka mezani sahani mbili, yake na yangu, na nikaketi, ingawa chumba cha kushonea kilikuwa kimefungwa na wateja wa Jumamosi nawajua hawana subira. Alikuja na harufu ya mafuta ya taa, akanawa, akaketi. Kwa mazoea alinyoosha mkono kuivuta mizani ndogo. Niliiondoa mezani nikaiweka sakafuni.

Akaitazama sahani. Ilikuwa imejaa, na alionekana kama mtu aliyepewa kazi isiyo na vifaa.

"Sasa nile kiasi gani?" aliuliza. Alikuwa anauliza kweli.

Nilikuwa na majibu mengi, mengine ya hasira. Lililotoka halikuwa langu.

"Utaniambia mwenyewe," nilisema.

Kijiko kilisimama hewani. Kisha akakipeleka mdomoni, akatafuna polepole, akameza, akachota kingine. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, wala mimi sikuinuka kutafuta kazi ya mikono. Kwenye kizingiti cha jiko Wifi alikuwa ameketi na kitambi chake, hajalia bado, macho yake kwenye sahani ya baba, anahesabu kila kijiko. Nikampa shikamoo.

Baba alikula akamaliza, akasukuma sahani kwangu. "Ongeza," alisema.